Kisu Kimoja, Kutoka Marikiti hadi Kiwayu

Mizigo ya safari ya visiwa vya kaskazini mwa Lamu hupimwa kwa mashua, wala haipimwi kwa gari. Kilichosahauliwa Mombasa hakipatikani Kiwayu, na kilichochukuliwa kwa wingi huwakalia watu miguuni kuanzia Mokowe hadi mwisho wa safari. Sisi tulikuwa watu tisa wa nyumba mbili: akina mama wanne, wanaume wawili na watoto watatu, mdogo wao mwenye umri wa miaka saba. Ilikuwa likizo ya Disemba, kaskazi imeanza kuvuma na bahari imetulia. Kabla ya kufunga mizigo tuliwekeana sharti: sufuria mbili, madumu ya maji, na kisu kimoja tu. Sufuria na madumu hayakuzua neno. Kisu kilituchukua siku tatu za mjadala.

Sharti la kisu kimoja lilitoka kwa mama mkubwa, ambaye amewahi kuishi na wavuvi na anajua asemalo. Hoja yake ilikuwa kwamba penye visu vitano na watoto watatu, hakuna ajuaye cha tano kiko wapi. Kisu kikiwa kimoja, kila mtu hukiulizia, na kikikosekana mahali pake kwa dakika moja watu wote husimama. Hatukuweza kumjibu.

Basi likabaki swali la kisu gani. Shemeji yetu alitaka panga, kwa kuwa panga hupasua kuni na kufungua dafu. Ni kweli, lakini hebu mtu ajaribu kumenya kitunguu saumu kwa panga, au kutoa mwiba katika unyayo wa mtoto. Kijana wetu wa sekondari alitaka kisu cha kukunja cha Uswisi, chenye mkasi, msumeno na kifungulio cha mkebe katika mpini mmoja. Karl Elsener, aliyeanzisha karakana yake mwaka 1884, ndiye aliyewapelekea askari wa nchi hiyo visu vya aina hiyo mwaka 1891, na tangu hapo vimeenea duniani kote. Ni kazi nzuri ya mikono. Hata hivyo, kisu cha kukunja kina bawaba, na bawaba hunywa mchanga, chumvi na damu ya samaki. Isitoshe, ubapa wake ni mfupi mno kwa kazi moja ambayo akina mama waliikumbuka mapema kuliko wanaume: kuchinja. Visiwani nyama haiji katika karatasi ya buchari, huja ikiwa na miguu. Kisu kimoja cha safari, kwa familia ya Kiislamu, sharti kiweze kuchinja sawasawa. Hapo mjadala ukapungua sana.

Tulianzia Marikiti ya Mombasa. Nje ya soko, baina ya maduka ya viungo na wauza mbuzi za kukunia nazi, visu hupangwa juu ya turubai kwa mafungu. Vile ving'aavyo hutoka nje. Ving'avyo hivyo vina asili yake: mwaka 1913, katika mji wa Sheffield nchini Uingereza, Harry Brearley alitengeneza chuma kilichotiwa kromiamu ambacho hakikushika kutu upesi, na jikoni zote za dunia zikabadilika. Chuma cha namna hiyo huhitaji kromiamu isiyopungua takriban asilimia 10.5, nayo hufanya utando mwembamba usioonekana juu ya ubapa na kuuhifadhi. Lakini maji ya bahari huutoboa utando huo. Aishiye pwani ameona vijiko vyenye madoadoa ya kahawia, na muuzaji aliyeapa kwamba havishiki kutu hayupo tena pale alipokuwa.

Tatizo letu na visu ving'aavyo vya bei nafuu halikuwa madoa. Vingi ni vyembamba kiasi cha kupinda, mipini yao ni ya plastiki telezi, na makali yake yakishakwisha hayarudi kwa kinoo cha nyumbani. Mama mkubwa alikishika kimoja, akausukuma ubapa kwa kidole gumba, ukapinda kama unyasi. Alikirudisha kwa adabu.

Nyuma ya soko, katika vijia ambamo mafundi wa chuma hukaa na majiko yao ya makaa, tulikuta visu vya namna nyingine: vyeusi, vizito kidogo, vyenye alama za nyundo bado ubavuni. Hufuliwa kutokana na springi za malori, yale mabapa ya chuma yabebayo uzito wa gari juu ya magurudumu. Chuma hicho kina kaboni ya kutosha kushika makali, nacho kilikusudiwa tangu mwanzo kupinda na kurudi bila kuvunjika. Fundi hukikata, hukifua, hukipasha moto hata kikaiva chekundu, kisha hukitosa ghafla ili kiwe kigumu, na baadaye hukirudisha kwenye moto mdogo ili ugumu huo usiwe wa kuvunjika kama kigae. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo itenganishayo fundi na mwigaji. Kisu kilichorukishwa hatua hiyo humeguka makali kikigusa mfupa.

Kazi hii si ngeni kwetu. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyekamilisha kitabu chake huko Sisilia mwaka 1154, ametaja kwamba watu wa Malindi walichimba chuma, na kwamba chuma ndicho kilichowapa faida kubwa zaidi katika biashara. Wageni wa hoteli za Malindi ya leo hawaambiwi habari hiyo, nasi pia hatuwaambii watoto wetu.

Katika visu vya fundi yule tulichagua kwa mkono, na mkono uliochagua ulikuwa wa akina mama, kwa sababu kati ya kazi kumi za kisu safarini, nane ni zao. Urefu wa ubapa tuliutaka uwe nusu ya shubiri, au uzidi kidogo: unaotosha shingo ya kuku na hata ya mbuzi, na usiozidi nguvu za kifundo cha mkono cha mwanamke aliyechuchumaa mbele ya beseni la samaki. Mgongo uwe mnene, ili ukigongwa kwa kipande cha mti kisu kiingie katika kuni bila kupinda. Ncha iwepo, lakini isiwe kama sindano. Kubwa kuliko yote ni msuka, ile sehemu ya chuma iingiayo ndani ya mpini. Msuka mfupi uliochomekwa tu hutoka siku mbaya kuliko zote. Tulitaka ufike mwisho wa mpini na ushikwe kwa misumari, nasi tukauona kwa macho kabla ya kutoa pesa. Mpini ulikuwa wa mti usio na rangi ya kung'aa. Mama mkubwa aliomba maji ya sabuni, akailowesha mikono yake, kisha akaushika mpini na kuuvuta kwa nguvu. Fundi alicheka, lakini alielewa: mkono wenye utelezi wa samaki haushiki kama mkono mkavu.

Tulilipa shilingi mia sita, pamoja na kunolewa mbele yetu.

Njia ya Mombasa hadi Mokowe hupita Malindi, Garsen na Witu, na mizigo hukaguliwa njiani. Kisu kilisafiri ndani ya sufuria, kimeviringishwa kitambaa, pamoja na miko na mbuzi ya nazi. Askari aliyefungua kikapu aliona jiko la watu waendao kupika, akafunga. Kwa waendao kwa ndege hadi uwanja wa Manda mambo ni mengine: kisu hakipandi na abiria, sharti kiingie katika mzigo unaopelekwa chini.

Lamu tulilala usiku mmoja tu, tusiseme mengi juu yake kwa kuwa wengi wenu mnaijua. Asubuhi tulipanda boti ya abiria kwenda kisiwa cha Pate, ambayo saa yake ya kuondoka hupangwa na maji. Mkanda, ile njia nyembamba baina ya Manda na bara, haupitiki vizuri isipokuwa bahari imejaa. Mikoko ilisimama pande zote mbili, mizizi yake imezama, na korongo weupe wakatuangalia bila kuruka. Tuliteremka Mtangawanda, na kutoka hapo tukachukua pikipiki hadi Siyu, watoto wakifurahi kuliko walivyofurahia boti.

Siyu tulikuwa na haja yetu. Kisu chetu hakikuwa na ala, na kisu kisicho na ala katika mashua yenye watoto ni hatari iliyo uchi. Mji huu ulisifika kwa mafundi: wa ngozi, wa mbao, wa fedha, wa majambia, na wanakili wa misahafu. Ngome yake bado imesimama kando ya hori lenye mikoko, hori ambalo mashua huliingia maji yajaapo tu. Katika miaka ya 1840 Wasiyu chini ya Bwana Mataka walilishinda jeshi la Sayyid Said, na mji haukutiishwa na Zanzibar hadi mwaka 1863. Huyo Bwana Mataka ndiye mume wa Mwana Kupona binti Mshamu, mtunzi wa utendi ambao mabinti wa pwani wamerithishwa tangu mwaka 1858. Akina mama wetu walisimama mbele ya ngome kwa muda mrefu kuliko wanaume, na tunadhani sababu ni yeye.

Leo mji ni mdogo na mtulivu, punda wakivuka viwanja vya magofu, lakini ngozi bado inashonwa. Tulielekezwa kwa mzee mmoja aliyekuwa barazani akitengeneza makubadhi. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakitazama kisu kabla ya kututazama sisi.

"Hiki ni springi," akasema. "Mumekinunua au mumepewa?"

"Tumekinunua, mzee."

"Basi mumejua kununua. Kaeni kitako."

Alikichora kisu juu ya kipande cha ngozi ya ng'ombe, akaacha ukingo wa nusu kidole, akakunja na kukata. Kisha aliweka ukanda mwembamba wa ngozi ndani, upande wa makali, baina ya kuta mbili za ala. Kijana wetu alimwuliza wa nini. Mzee akamweleza kwamba makali hukata uzi, na uzi ukikatika kisu hutoka ubavuni na kuingia katika paja la mwenyewe. Ule ukanda ndio unaokutana na makali badala ya uzi. Alishona kwa sindano mbili, moja ikienda na nyingine ikirudi, naye akizungumza na wapita njia wala asitazame mikono yake. Adhuhuri ilipoadhiniwa kazi ilikuwa imekamilika. Alitutaka tusiache kisu kikalala ndani ya ala kikiwa na unyevu, kwa kuwa ngozi hunywa chumvi na kuirudisha kwenye chuma usiku.

Kabla ya kuondoka kisiwani tulinunua kuku wawili, kisha tukafika Kizingitini, ambako tulikodi mashua ya injini kutupeleka Kiwayu. Tulipovuka karibu na Ndau injini ilishtuka na kuzimika. Kamba ya nailoni ya wavu uliotupwa ilikuwa imejisokota katika rafadha. Nahodha alitoa kisu chake cha kukunja, na hakikufunguka. Chumvi ilikuwa imekifunga bawaba. Tulimpa chetu. Mama mkubwa hakumwachia hata alipokwisha kukifunga kamba kifundoni mwake, maana bahari hairudishi chuma. Nahodha alijitupa majini, akapiga mbizi mara nne, na kila alipoibuka alikuwa na kipande cha kamba mkononi. Mashua ilikuwa ikichukuliwa na mkondo kuelekea miamba, wala haikuwa mbali nayo. Tulisoma dua kwa sauti. Mara ya tano akaibuka akicheka, na injini ikawaka.

Kiwayu ni kisiwa chembamba na kirefu, bahari kuu upande mmoja na maji tulivu upande wa pili, ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga. Mikoko ya hifadhi hatukuikata, kwa hiyo kuni zetu zilikuwa magogo yaliyotupwa na mawimbi na makumbi ya nazi. Hapo ndipo mgongo mnene ulipotufaa: kisu huwekwa juu ya kuni kavu, hugongwa kwa kipande cha mti, na kuni hupasuka vijiti vya kuwashia. Kwa kisu hicho hicho, baada ya kuoshwa, tulipaa changuu na tafi, tukakata vitunguu, tukamenya maembe, tukachonga vigingi vya turubai. Maembe na ndimu vilikitia ubapa weusi, jambo lililowashtua watoto. Weusi huo si uchafu wala si kutu, ni chuma na tindikali ya tunda vimekutana, na hukilinda kisu kidogo. Kuna kazi moja kilikataa: dafu. Wenyeji walitufungulia kwa panga, na shemeji yetu akatutazama kwa macho ya mtu aliyeshinda kesi.

Siku ya tatu wanaume wote wawili walikuwa wamevuka na nahodha kwenda Mkokoni kutafuta maji ya kunywa. Kuku tuliowanunua walikuwa wamefungwa miguu chini ya kivuli. Dumu tupu lililokuwa juu ya gogo lilisukumwa na upepo likamwangukia mmoja wao. Bawa na mguu vilivunjika, akawa anahema mdomo wazi, na ilikuwa wazi kwamba hafiki jioni. Binti wa miaka kumi na miwili alilia akisema tumngoje baba. Mama mkubwa alikuwa amekwisha kusimama.

"Mwanangu, akifa tukingoja ni mzoga. Nipe kisu."

"Mwanamke huchinja, mama?"

Aliwasimulia huku akitia udhu, kwa maneno yake mwenyewe, habari ya mjakazi aliyechunga mifugo ya Ka'b bin Malik katika mlima wa Sal', hapo Madina. Aliona mnyama mmoja anakaribia kufa, na mkononi hakuwa na kisu. Alivunja jiwe, akalipata kali, akamchinja kwalo. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa, aliruhusu nyama ile iliwe. Habari hiyo imo katika Sahihi ya Bukhari, na wanavyuoni wameitolea hoja kwamba kuchinja kwa mwanamke ni halali, na kwamba chochote kikali chenye kutiririsha damu chafaa, isipokuwa jino na ukucha.

Kisha akaenda nyuma ya turubai kukinoa, mbali na macho ya kuku, kwa kuwa Mtume ametuagiza tuchinje kwa ihsani, tunoe makali na tumpumzishe mnyama, na imekatazwa kumnolea mbele yake. Kinoo hatukuwa nacho. Alipindua kikombe cha udongo, akatumia ile duara ya chini isiyotiwa rangi ya kung'aa, nayo hunoa kama kinoo laini. Kisu alikilaza, akakiinua mgongo kwa nafasi isiyotimia upana wa kidole kidogo, akakipitisha kwa upole, mara kumi upande huu na mara kumi upande ule. Alikijaribu kwa nyanya mbivu. Ngozi ya nyanya ilifunguka bila kusukumwa.

Alimwelekeza kibla, akasema Bismillahi, Allahu Akbar. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na wengi wa pwani yetu, sharti ni kukatika njia ya pumzi na njia ya chakula, na mishipa miwili ya pembeni ni sunna. Yote yalikatika kwa mpito mmoja. Binti alikuwa amemshika miguu, kwa hiari yake, na hakugeuza uso.

Jioni ile watoto walifundishwa adabu ya kisu kwa mara ya kwanza kwa uzito wake: humpi mwenzio ncha, humpa mpini, humwelekezei mtu chuma hata kwa mzaha, maana katazo lake limekuja katika hadithi, na kisu hakiachwi juu ya mkeka. Kila usiku binti ndiye aliyekiosha kwa maji yasiyo ya chumvi, akakikausha juu ya moto, akakipaka mafuta ya nazi kwa ncha ya kitambaa, kisha akakiacha nje ya ala hadi asubuhi, juu ya boriti asipofika yule wa miaka saba.

Tulikaa siku sita. Asubuhi ya kurudi, nahodha aliomba kisu akate kamba ya nanga iliyochakaa. Alikata, akakipima mkononi, akaujaribu mpini, kisha akauliza bei. Mama mkubwa alikipokea, akakifuta, akakitia alani, na kumwambia kwamba fundi yuko nyuma ya Marikiti, na springi za malori Mombasa hazijaisha.